Laptopu ya GB 4 na NetBeans inayokwama: nibaki na IDE au nihamie kihariri cha kawaida?

SWALI

Mwalimu, salaam.

Nasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa pili, na nakaa Kahawa West. Laptopu yangu ni ex-UK niliyoipata Luthuli Avenue: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Betri ilishakufa, kwa hivyo stima ikipotea inazima papo hapo na kazi yangu inaenda nayo.

Muhula huu tunafanya Java kwa NetBeans, ile IDE yenye kila chombo cha kuandikia programu ndani yake. Mhadhiri anataka mradi wenye madirisha na vitufe, na tuutume kama mradi mzima wa NetBeans. Muhula ujao ni Android. NetBeans ikifunguka huku Chrome iko wazi, naweza kwenda dukani kununua maziwa na kurudi kabla kipanya hakijasogea. Android Studio niliijaribu mara moja. Ile simu ya kuigiza ilipoanza kuwaka, ikabidi nizime laptopu kwa nguvu.

Mwenzangu wa chumba anatumia Vim, kihariri cha kibodi tupu, na hunicheka. Anasema IDE ni ya wavivu. Basi nikajaribu: nikaandika programu kwa Notepad, nikafungua Command Prompt, nikaita javac, kompaila ya Java, nikaambiwa 'javac' is not recognized. Nikaingia ndani ya folda ya JDK (vifaa vya kuandikia Java), javac ikaitika, lakini ikasema file not found: Nauli.java, na hiyo faili naiona kwa macho yangu. Nikarudi NetBeans.

Kilichonisukuma kuandika ni CAT, ule mtihani mdogo wa ndani ya muhula. Tuliandika msimbo kwa karatasi nikapata 9 kwa 30. Nilisahau import, nikakosea mstari wa main, vitu ambavyo kwa mashine sijawahi kuvikosea.

Mwezi wa tano naenda atachimenti (mafunzo kazini) katika kampuni moja Westlands. Wanatumia Python na Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python. Je, nibaki na IDE, nihamie kihariri, nijifunze Vim, au niuze tu hii laptopu?

Mwanafunzi, Kahawa West

JIBU

Usiiuze. Na huyo mwenzako usimbebe moyoni. Kuna jambo moja amelipatia, tutalifikia.

Uamuzi kwanza, sababu baadaye. Kwa laptopu hiyo jinsi ilivyo leo, Java na Python za kila siku ziandike kwa Geany, kihariri chepesi, na uzikompaili kwenye teminali. NetBeans ifungue kwa kazi moja tu, yaani kuchora madirisha na vitufe vya mradi, kisha ifunge. Android Studio usiirudishe mpaka uongeze RAM na ubadilishe diski. Vim jifunze amri chache za kukuokoa, basi.

Kihariri hushika herufi unazoandika na kuzihifadhi. IDE ni kihariri hicho hicho pamoja na kompaila (ya kugeuza msimbo uwe programu), dibaga (ya kutafutia makosa), msimamizi wa mradi na faharasa ya kila jina lililomo kwenye mradi, vyote chini ya paa moja. Wazo lenyewe ni la zamani: Turbo Pascal ya 1983 iliweka kihariri na kompaila ndani ya programu moja, na ilienea kwenye mashine zenye kilobaiti 64 za kumbukumbu. Kwa hiyo usidhani dirisha lenye vitufe vingi ndilo linalokukwamisha. Kinachokula mashine ni ile faharasa, ambayo lazima isome kila darasa la mradi na la JDK ili ikupendekezee neno kabla hujamaliza kuliandika.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapohama. Husikia "VS Code ni nyepesi", wakaiweka, wakaongeza viendelezi vya Java, halafu wakashangaa laptopu imekwama vilevile. VS Code imejengwa juu ya Electron, kwa hiyo ndani yake kuna Chromium nzima, kiini cha kivinjari cha Chrome. Tena tangu 2016 Microsoft walipotangaza itifaki ya seva za lugha, ujuzi wa lugha umehamishiwa kwenye programu ya pembeni inayozungumza na kihariri chochote. Seva ya Java inayotumiwa na VS Code imetokana na Eclipse, nayo yenyewe ni programu ya Java yenye njaa yake. Umefukuza IDE mlangoni, ikaingia dirishani. Kwa Python VS Code huvumilika zaidi, lakini kwa Java kwenye GB 4, sikushauri.

Sasa hesabu ya RAM yako. Windows 10 ikishatulia hushika takriban GB 1.5 hadi 2. Chrome yenye vichupo vichache ni GB 1 nyingine. NetBeans na mashine ya Java inayoiendesha hukaribia GB 1, na programu unayoijaribu nayo inataka Java yake. Umejaa. Windows ikikosa nafasi huanza kuhamisha kurasa za kumbukumbu kwenda kwenye diski, na diski ya kuzunguka inaweza kufikia sehemu zilizotawanyika takriban mara 100 tu kwa sekunde. SSD ya SATA, yaani diski isiyozunguka, hufanya hivyo makumi ya maelfu. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pako ni hapo. Hakikisha mwenyewe: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", fungua NetBeans uangalie. Memory ikipita asilimia 90 na Disk ikigota 100 pamoja, tatizo si uvivu wa prosesa.

Ukipata pesa, anza na RAM, kisha SSD. Kwenye ukurasa huo huo wa Memory kuna mstari wa "Slots used": 1 kati ya 2 maana yake kuna nafasi tupu. Kabla ya kwenda Luthuli, fungua kifuniko cha chini usome lebo ya kipande kilichomo. Core i5 za laptopu za kizazi cha nne hutumia DDR3L, ile ya volti 1.35, na lebo yake huandikwa PC3L, mara nyingi PC3L-12800S. Ile L ndiyo ya kuangalia. DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaingia kwenye nafasi bila shida, lakini laptopu huenda isiwake kabisa. DDR4 haitaingia hata ukiisukuma. Nenda na kipande chenyewe mkononi umwambie fundi akupe ndugu yake, na mkiwashe pale pale dukani kabla ya kulipa. SSD ni ya SATA, inchi 2.5, unene milimita 7. GB 240 au 256 inakutosha.

Jambo lingine la pembeni: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya umri huo. Siku ukiweka SSD, fikiria Linux Mint ya XFCE, mfumo mwepesi wa kuweka badala ya Windows. Geany, JDK na Python zote zinakaa humo vizuri, na RAM iliyobaki kwa ajili yako inaongezeka.

Turudi kwenye Notepad yako, kwa sababu ulikuwa karibu kufaulu. Yalikupata makosa matatu, na hakuna hata moja lililokuwa la msimbo.

La kwanza, javac haikujulikana kwa sababu folda ya bin ya JDK haimo kwenye Path, ile orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri. NetBeans huitafuta JDK yenyewe, ndiyo maana hukuwahi kuliona tatizo hili. Kwenye Start andika environment, chagua "Edit the system environment variables", bofya "Environment Variables", chagua Path, "Edit", "New", ubandike anwani ya folda, kwa mfano C:\Program Files\Java\jdk-17\bin kulingana na toleo ulilonalo. Funga Command Prompt iliyokuwa wazi ufungue nyingine. Dirisha la zamani hubaki na Path ya zamani, na watu hupoteza saa nzima hapo. Jaribu kwa javac -version.

La pili, uliingia ndani ya folda ya JDK na kuiita javac kutoka huko. Javac hutafuta faili pale uliposimama, na Nauli.java haikuwa humo. Simama kwenye folda ya kazi yako: cd C:\kazi.

La tatu linaweza kukuuma hata ukisimama pazuri. Notepad huongeza .txt mwishoni, na Windows huficha viambishi vya majina, kwa hiyo unachokiona kama Nauli.java kwa kweli ni Nauli.java.txt. Kwenye File Explorer, chini ya "View", weka tiki "File name extensions" na usiitoe tena maisha yako yote. Geany haina ujanja huo.

Sasa weka Geany, tengeneza folda C:\kazi (jina lisiwe na nafasi katikati, utaepuka alama za nukuu kwenye kila amri), na uandike hivi:

public class Nauli {
    public static void main(String[] args) {
        int abiria = 14;
        int nauli = 80;
        System.out.println("Jumla: " + abiria * nauli);
    }
}

Ihifadhi kama Nauli.java, N ikiwa kubwa kama ya darasa. Kwenye teminali andika javac Nauli.java. Ikinyamaza, imekubali, utaona faili mpya Nauli.class. Kisha java Nauli, bila .class. Ukiandika java Nauli.class utaambiwa Could not find or load main class, kwa kuwa Java inataka jina la darasa, haitaki jina la faili. Jibu liwe Jumla: 1120. Geany yenyewe ina F8 ya kukompaili na F5 ya kuendesha, lakini wiki mbili za kwanza ziache. Andika amri kwa mkono mpaka vidole vizoee, maana hapo ndipo unapoona kile ambacho kitufe cha kijani cha NetBeans kimekuwa kikikufanyia kimyakimya.

Ukinakili faili kutoka NetBeans na kuileta hapa, angalia mstari wa juu kabisa. Mara nyingi NetBeans imeandika kitu kama package nauli. Na ukikompaili kawaida kisha java Nauli, itakataa ikilalamika kuhusu wrong name. Ama futa mstari huo, ama kompaili kwa javac -d . Nauli.java kisha endesha java nauli.Nauli. Ile nukta baada ya -d ni sehemu ya amri; inamaanisha hapa hapa nilipo.

Kuhusu mradi wa mhadhiri, NetBeans hapa haina mbadala na usijisumbue kuutafuta. Kile chombo cha kuburuta vitufe huandika faili mbili kwa kila dirisha, moja .java na nyingine .form. Sehemu ya kijivu ndani ya .java, inayoitwa initComponents, huzalishwa upya kutoka kwenye .form. Ukiihariri kwa Geany, siku utakayofungua dirisha hilo tena NetBeans na kuhifadhi, kazi yako inafutwa bila kukuuliza. Ukipoteza .form, msimbo utaendelea kufanya kazi lakini hutaweza tena kuburuta chochote.

Kwa hiyo gawanya mradi. Dirisha libaki na vitufe tu, na kila kitufe kiite darasa lingine lenye hesabu halisi, tuseme Kikokotoo.java. Darasa hilo haligusi madirisha, hivyo unaliandika na kulijaribu kwa Geany ndani ya folda ile ile ya src ya mradi, NetBeans ikiwa imefungwa. Tengeneza folda jaribio kando ya src. Kisha, ukiwa umesimama ndani ya src:

javac -d ..\jaribio nauli\Kikokotoo.java
java -cp ..\jaribio nauli.Kikokotoo

Kikokotoo kiwe na main yake ndogo ya kujijaribu. Hesabu zikishakuwa sawa, ndipo unafungua NetBeans, dakika ishirini, unaunganisha vitufe, unafunga. Ukiwa humo funga Chrome, funga pia miradi mingine iliyo wazi upande wa kushoto kwa sababu kila mmoja unafaharisiwa, na chini ya "Tools", "Plugins", zima usizotumia, kwa mfano za PHP na HTML. Mhadhiri atapata mradi mzima wa NetBeans kama alivyotaka, na utakuwa umeandikwa vizuri kuliko ule ambao hesabu zote zimesukumwa ndani ya kitufe.

Nikubali wazi pale IDE inaposhinda, ili mwenzako naye asome. Kubadilisha jina la funksheni linalotajwa kwenye faili 30 ni kazi ya sekunde kwa NetBeans (Ctrl+R) au IntelliJ (Shift+F6), na haitagusa neno lingine linalofanana nalo. Kwa kutafuta na kubadilisha kwenye kihariri, utabadilisha na yasiyohusika. Dibaga nayo: unaweka alama ya kusimamisha kwenye mstari, programu inasimama pale, unaona thamani ya kila kigezo, unasonga mstari mmoja mmoja. Anayeiita hiyo uvivu anapenda kuchapisha println arobaini na kuzifuta moja moja. Python ina njia ya kati: kuanzia toleo la 3.7 andika breakpoint() ndani ya msimbo, endesha kwenye teminali, kisha n ni mstari unaofuata, s ni kuingia ndani ya funksheni, p jina inakuonyesha thamani, c ni kuendelea. Haihitaji IDE yoyote.

Android, muhula ujao. Google wenyewe wanataka angalau GB 8 kwa Android Studio, na GB 16 ukitumia na simu ya kuigiza. Hata ukifikisha 8, sahau simu ya kuigiza utumie simu yako. Kwenye mipangilio tafuta Build number, uiguse mara saba, kisha ndani ya Developer options washa USB debugging. Simu isipoonekana, shuku kebo kwanza. Kebo nyingi za mtaani huchaji tu, hazina nyaya za data. Kwenye gradle.properties ya mradi mpya utakuta org.gradle.jvmargs=-Xmx2048m, yaani Gradle, chombo kinachojenga programu, peke yake imeruhusiwa GB 2; kwa mradi wa darasani ishushe hadi 1024m uone kama inajenga. Ikilalamika kuhusu heap space, ipandishe kidogo. Ujenzi wa kwanza hupakua mamia ya megabaiti, kwa hiyo ufanye kwenye Wi-Fi ya chuo, bando lako lipumzike. Baada ya hapo washa hali ya offline ya Gradle. Unaweza hata kuhariri faili moja kwa Geany na kutuma programu kwenye simu kwa gradlew installDebug bila kuifungua Studio kabisa. Kabla hujapata RAM hiyo, tumia maabara ya chuo.

Sasa CAT. Hapa ndipo mwenzako amepatia, ingawa kwa sababu isiyo yake. Kwenye NetBeans ukiandika psvm na kubonyeza Tab, mstari wa main unajiandika. Ctrl+Shift+I inaleta import zote. Mikono yako haijawahi kuandika mistari hiyo hata mara moja, sasa itaikumbukaje mbele ya karatasi? Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Wiki tatu kabla ya mtihani, kila jioni chagua swali moja la mitihani iliyopita. Liandike kwa kalamu, dakika 25, bila simu. Kisha liingize kwenye Geany herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye karatasi, ukiwa umezima "Autocomplete symbols" kwenye mipangilio ya kihariri. Usirekebishe chochote ukiwa unachapa. Hapo ndipo watu hujidanganya. Kompaili, uandike pembeni ya karatasi kila kosa na aina yake: nukta mkato, import, herufi kubwa kwenye String, mabano.

Soma kosa la kwanza tu, lirekebishe, ukompaili tena. Bano moja lililosahaulika linaweza kuzaa makosa kumi yasiyokuwepo; ukiona reached end of file while parsing, hesabu mabano ya } kabla ya kitu kingine. Baada ya siku sita au saba utaona makosa yako ni aina tatu au nne zilezile zinazorudi, na hizo ndizo za kusoma usiku wa kuamkia CAT.

Python kwenye Geany inahitaji jambo moja kabla hujaanza. Kwenye mipangilio ya Editor, Indentation, chagua Spaces na upana wa 4. Python hukataa mstari mmoja ukitumia Tab na mwingine nafasi, inakupa TabError, na kwa macho mistari yote miwili inafanana. Msimbo ulionakiliwa kutoka kwa WhatsApp ya darasa ndio chanzo kikuu, pamoja na zile nukuu zilizopinda ambazo Python haizitambui.

Vim. Sababu ya kuijua ni seva. Ukiingia kwenye seva ya Linux kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia teminali, hakuna madirisha wala kipanya, na mara nyingi vi au Vim ndiyo utakayoikuta. Jua hizi: i kuanza kuandika, Esc kuacha, :w kuhifadhi, :q kutoka, :q! kutoka bila kuhifadhi, u kutengua, dd kufuta mstari, /neno kutafuta. Amri ya vimtutor inakufundisha kwa takriban nusu saa. Ukiwa humo andika :help uganda. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki 2023, aliwaomba watumiaji wachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, badala ya kulipia programu. Mwulize mwenzako kama analijua hilo.

Stima: kwenye Geany fungua "Tools", "Plugin Manager", washa "Save Actions", na uweke ihifadhi kila sekunde 60. Faili ipe jina mara tu unapoianza, kwa sababu kuhifadhi kwa muda hakuisaidii isiyo na jina. Kisha tumia Git, inayotunza historia ya msimbo, kwenye kila mradi, hata wa faili mbili: git init mara moja, halafu git add . na git commit -m "maelezo" kila kipande kinapofanya kazi, na usukume nakala kwenye hazina ya mtandaoni ukipata Wi-Fi. Diski ya zamani inayozimwa ghafla kila mara haitakuaga siku ya kufa. Vim yenyewe huacha faili ya .swp ukikatikiwa, vim -r na jina la faili hurudisha karibu yote.

Westlands. Wiki ya kwanza tumia kihariri wanachotumia wenzako wa timu, hata kama hukipendi. Ukikwama, anayekaa kando yako atakuonyesha kwa vitufe anavyovijua yeye. Angalia kama mradi una faili ya .editorconfig, kwa kuwa hiyo ndiyo huamua nafasi na Tab kwa kila mtu, uhakikishe kihariri chako kinaiheshimu. La sivyo utabadilisha mistari 400 kwa kuhifadhi tu, na atakayekagua kazi yako hataona ile mitatu uliyoirekebisha.

Kosa litakalokupata karibu kwa uhakika ni ModuleNotFoundError: No module named 'django', ilhali umeiweka Django dakika tano zilizopita. Kwenye mashine kuna Python zaidi ya moja. Uliiweka kwenye hii, kihariri kinaendesha ile. Ndani ya folda ya mradi andika python -m venv .venv (inatengeneza Python ya mradi huo peke yake), kisha .venv\Scripts\activate, kisha python -m pip install django, ukianza na python -m ili pip, inayoweka vifurushi, iwe ya Python hiyo hiyo. Kama ni VS Code, bonyeza Ctrl+Shift+P, chagua "Python: Select Interpreter", elekeza kwenye .venv. Kwenye teminali, amri ya where python itakuonyesha ni ipi inayotangulia.

Na wakikupa kazi inayogusa malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, zile funguo mbili za siri usiziandike ndani ya msimbo hata kwa kujaribu. Ziweke kwenye faili ya .env, na uandike .env ndani ya .gitignore kabla ya commit ya kwanza. Ukizifuta baadaye, zitabaki kwenye historia ya Git, na hapo itabidi zibadilishwe zote.